Mmeachana? Basi karatasi iko wapi?

Muulize mtu yeyote hapa Bomet aliyewahi kufunga ndoa kisha ikavunjika: talaka yako iko wapi? Atakuangalia kama umemuuliza kitu cha ajabu. "Tuliachana tu." "Alichukua nguo zake akarudi kwao." "Wazee walikaa, wakaongea, ikaisha." Hata yule ambaye kesi yake ilifika kortini na hakimu akaamua, mara nyingi atakuambia uamuzi ulisomwa, akamshukuru Mungu, akapanda matatu akarudi nyumbani. Nakala ya uamuzi? Iko kwa wakili. Ama iko kortini. Ama hajui.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaonuna: kama mlifunga ndoa inayotambuliwa na sheria, kuachana bila karatasi si kuachana. Na kama korti iliwatenganisha lakini hukuwahi kurudi kuchukua nakala yako, kazi umeiacha katikati. Kachukue hiyo karatasi wiki hii, kabla ya siku utakayoihitaji. Siku hiyo ikifika, utakuwa na haraka, na masijala ya korti haina haraka na mtu.

Tuanze na sheria, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapotea. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Vijana wengi hudhani ni ile ya kanisani au ya kwa msajili peke yake inayohitaji korti, na kwamba ile ya koito, ambapo familia mbili zilikaa zikakubaliana ng'ombe, inavunjwa hapo hapo nyumbani. Sivyo. Sheria inaheshimu wazee. Inaruhusu wanandoa wa kimila wapatanishwe kwanza kwa njia ya mila, na inamtaka aliyeongoza kikao aandike ripoti kwa ajili ya mahakama. Lakini wa kuvunja ndoa ni mahakama. Mzee anapatanisha, hakimu anaamua. Waislamu nao wana njia yao kupitia Mahakama ya Kadhi.

Na ninyi wa "njoo tukae"? Kwenu mambo ni magumu zaidi, maana hamna ndoa iliyoandikwa popote. Mnamo Januari 27, 2023, Mahakama ya Juu iliweka masharti ya lini watu wanaoishi pamoja wanaweza kuchukuliwa kuwa mume na mke. Moja ya masharti hayo ni kwamba wote wawili wawe huru kuoana. Sasa fikiria. Umeishi na mtu miaka minane Silibwet, mmejenga, mmezaa. Siku mkikosana unaenda kortini kudai haki yako, halafu inajulikana kwamba mwenzako alikuwa na ndoa nyingine ambayo haikuwahi kuvunjwa kisheria. Karatasi ambayo yeye hakuichukua zamani inakuchoma wewe leo.

Hebu tuone ni wapi pengine hii karatasi inakutafuta.

Unataka kuoa au kuolewa tena. Kwa ndoa ya Kikristo au ya kiserikali, lazima notisi itolewe si chini ya siku 21 kabla ya harusi, na hali yako ya ndoa ni sehemu ya yale unayotakiwa kueleza. Ukisema ulikuwa na ndoa na ikavunjika, utaulizwa ushahidi. Ukisema hujawahi kuoa ilhali ulioa, umedanganya kwenye stakabadhi ya serikali. Na kama bado uko ndani ya ndoa ya mke mmoja kisha ukafunga nyingine, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 171, inasema hilo ni kosa la jinai linaloweza kukupeleka jela hadi miaka mitano. Sasa wewe umeshakodisha mahema, kwaya imefanya mazoezi, wageni wako njiani kutoka Sotik, halafu unaanza kutafuta faili ya 2016. Utaipata lini?

Unataka mgao wa mali. Hapa ndipo wanawake wengi wa nchi ya majani chai wanaumia. Shamba liko kwa jina la mume, nambari ya mkulima kiwandani iko kwa jina la mume, na bonasi inaingia kwa akaunti ya mume. Mwanamke ndiye aliyeamka saa kumi na moja asubuhi miaka kumi na miwili kuchuma majani, mvua ikimnyeshea, akabeba kikapu hadi kituo cha kupimia. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inamjua. Inasema mchango katika mali si pesa tu. Ni pamoja na kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia na kazi ya shamba. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mali hugawanywa ndoa inapovunjika kisheria. Bila amri ya talaka, unagonga mlango ambao haujafunguliwa bado. Na usidanganywe kwamba ni nusu kwa nusu moja kwa moja. Siku ile ile ya Januari 2023, katika kesi nyingine, Mahakama ya Juu ilisema kila mtu lazima aonyeshe mchango wake. Ndiyo maana faili yako ya talaka ina thamani kuliko unavyofikiri: mle ndani kuna viapo, tarehe na maneno ambayo mlisema wenyewe mkiwa bado mnakumbuka.

Unataka mkopo. Ukiweka rehani nyumba ya familia, sheria ya ardhi inataka idhini ya mwenzako wa ndoa. Afisa wa mikopo hajui kwamba mliachana 2018. Anajua tu kwamba una cheti cha ndoa na huna cheti cha kuvunja ndoa.

Unataka kwenda majuu. Vijana wetu wanatoka, wengine wanapata wachumba huko. Ukiomba viza ya uhamiaji ya Marekani kupitia mume au mke, utatakiwa kuonyesha hati ya jinsi kila ndoa ya awali ilivyokwisha. Kila ndoa. Barua ya mzee wa kijiji haitakusaidia pale.

Na mwisho kuna kifo, ambacho hatupendi kukitaja. Mtu akifariki, kabla kesi ya urithi ianze, chifu huandika barua ya kutaja warithi. Hapo ndipo yule "aliyeachwa" zamani hutokea na cheti chake cha ndoa mkononi, na yule aliyemuuguza marehemu Longisa au Tenwek hadi dakika ya mwisho hana hata kipande cha karatasi. Nani atasikizwa? Umeona matanga yakigeuka vita. Usiseme hujaona.

Sasa basi, hiyo karatasi unaipata vipi?

Jambo la kwanza ni kujua faili iko korti gani. Kesi za talaka husikizwa na mahakimu, kwa hivyo kama kesi yako ni ya hivi karibuni, anzia korti ulikowasilisha ombi: Bomet mjini, au Sotik. Lakini usidhani kwamba kwa kuwa unaishi Bomet, faili iko Bomet. Hadi 1992 eneo hili lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kericho, na hata baadaye, kabla Mahakama Kuu kufika Bomet, watu wa huku walipeleka kesi zao Kericho. Kama unatafuta talaka ya wazazi wako kwa sababu ya shamba, huenda safari yako ikaishia Kericho. Vilevile, nchi ya chai imejaa watu waliotoka mbali kuja kufanya kazi kwa mashamba makubwa. Ndoa ya kwanza ya mwenzako huenda ilivunjwa Kisii, Nyamira au Kakamega. Muulize mwenyewe. Mwulize pia jina la wakili, maana wakili huweka faili yake.

La pili ni nambari ya kesi. Huu ndio ufunguo. Nambari ya kesi na mwaka vikiwepo, karani anajua atazame wapi. Ukienda na jina pekee, hasa kwetu hapa ambapo majina kama Cheruiyot, Koech na Chepkemoi yako kila boma, utamfanya mtu akeshe kwenye rejista. Tafuta nambari kwenye risiti ya zamani, kwenye notisi uliyoletewa, au kwenye ujumbe wa simu kutoka kwa wakili. Kesi zilizowasilishwa kwa mtandao huwa na herufi E mbele ya nambari. Mfumo huo ulianza Nairobi mnamo Julai 2020, na ukasambazwa kwa korti zote nchini Machi 2024. Maana yake ni nini? Kesi za zamani za Bomet ni makaratasi. Ziko kwenye rafu, zimefungwa kwa uzi, na panya hawajui sheria.

La tatu, nenda masijala, ile ofisi ya faili, ukiwa na kitambulisho. Eleza kwamba wewe ni mhusika katika kesi, na uandike barua fupi ya kuomba nakala iliyoidhinishwa. Taja nambari ya kesi, majina ya wahusika, na unachotaka: hukumu, amri ya talaka, au vyote viwili. Nakala iliyoidhinishwa ni ile yenye mhuri wa korti na sahihi ya afisa wa mahakama. Fotokopi ya kawaida uliyotolewa dukani haitakubaliwa na msajili wa ndoa wala ubalozi. Utakadiriwa ada, ulipe kwa njia rasmi, upewe risiti. Mtu akikuambia "nitumie kwa namba yangu, nitakusaidia mambo yaende haraka", huyo hajasaidia mtu. Rudi ndani uulize kwa msimamizi wa korti, na ukizungushwa, Mahakama ina ofisi yake ya kupokea malalamishi ya wananchi. Itumie.

La nne ndilo linalowaangusha wengi. Mara nyingi korti hutoa kwanza amri ya muda ya talaka, kisha baada ya kipindi fulani ndiyo hutolewa ile ya mwisho. Watu wengi hupata ya kwanza, wakasherehekea, wasirudi. Soma karatasi yako vizuri. Kama ni ya muda, wewe bado ni mke wa mtu au mume wa mtu. Usiende kuvaa pete nyingine kabla hujashika ile ya mwisho.

Na je, ukiambiwa faili haionekani? Usikubali jibu hilo kwa mdomo. Liombe kwa maandishi. Faili iliyopotea inaweza kuundwa upya kwa amri ya korti kutokana na nakala walizo nazo wahusika na mawakili. Ndiyo sababu nakusihi uweke nakala zako: moja kwa mama, moja kwa simu, moja kwa barua pepe yako mwenyewe.

Nakuja sasa kwa jambo nyeti. Kuna wasomaji hapa ambao hawatafuti karatasi yao. Wanatafuta ya mtu mwingine. Uko na mchumba, amekuambia alishaachana, na moyo wako unasita. Unataka kwenda masijala kimyakimya uchungulie.

Usifanye hivyo. Faili ya talaka si gazeti. Mle ndani kuna mambo ya chumbani, ya vipigo, ya magonjwa, ya watoto. Katiba, kifungu cha 35, inakupa haki ya kupata habari, ndiyo. Lakini kifungu cha 31 kinampa huyo mtu haki ya faragha. Masijala ina kila sababu ya kumkatalia mtu asiye mhusika. Hata hukumu nyingi za kifamilia zinazochapishwa kwenye tovuti ya Kenya Law huandikwa kwa herufi za kwanza za majina tu, ili watu wasianikwe. Ukitafuta jina la mchumba wako pale, huenda usilipate, na kutolipata hakumaanishi kwamba hana kesi.

Fanya jambo rahisi zaidi, ingawa linahitaji ujasiri: mwombe yeye mwenyewe akaichukue. Mwambie, "Mpenzi, nakuamini, lakini kabla hatujaenda kwa wazazi, naomba nione amri ya talaka." Mtu aliyeachana kweli atasema sawa, nipe wiki mbili. Mtu anayeficha ataanza kupandisha sauti, ati humwamini, ati hivyo sivyo tunavyofanya kwetu. Hapo umepata jibu kabla ya nauli kuisha.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu. Ya kwanza ni aibu. Katika mila ya Wakipsigis ndoa si ya watu wawili, ni ya koo mbili, na kuivunja si jambo la kutangaza. Naiheshimu hoja hiyo. Hata mimi naona wazee wameokoa ndoa nyingi ambazo korti ingezimaliza. Lakini swali langu ni hili: aibu hiyo inambeba nani? Mwanamume asiye na karatasi ya talaka anaweza kuoa tena kimila na jamii ikanyamaza. Mwanamke asiye na karatasi hubaki akiitwa mke wa fulani, hana shamba kwa mume, na kwao kaka zake wanamuuliza atarudi lini. Kunyamaza kunawafaa wengine kuliko wengine.

Hoja ya pili ni pesa na umbali. Hii nayo ni kweli, na siwezi kuicheka. Mtu wa Chebunyo akitaka kufika korti ya Bomet analipa boda, analipa matatu, anapoteza siku ya kazi, halafu anaambiwa aje Alhamisi. Akirudi Alhamisi, karani yuko kwa mafunzo. Kwa kijana anayelipwa kwa kilo za majani, hizo safari tatu ni chakula cha wiki.

Kwa hivyo Mahakama nayo ina deni kwetu. Tunaomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya. Mosi, faili za talaka za zamani za Bomet, Sotik na Kericho zipigwe picha na ziingizwe kwenye mfumo, angalau orodha ya nambari na miaka, ili mtu ajue faili iko wapi kabla ya kupanda gari. Pili, ada za nakala zibandikwe ukutani kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, na pawe na mtu anayeweza kumweleza mama wa Kipsigis kwa lugha yake. Tatu, amri ya mwisho ya talaka ikitolewa, mhusika atumiwe ujumbe wa simu kwamba iko tayari. Kama korti inaweza kupokea malipo kwa simu, inaweza kutuma ujumbe kwa simu. Nne, korti na msajili wa ndoa wazungumze. Haiingii akilini kwamba serikali inayojua ulifunga ndoa lini inakutuma wewe ukatafute ushahidi kwamba serikali hiyo hiyo iliivunja.

Wazee wetu nao nawaomba kitu kimoja. Mkikaa kikao cha wanandoa waliokosana na mkaona hakuna njia, andikeni. Tarehe, mahali, waliokuwepo, mlichokubaliana kuhusu ng'ombe na watoto, kila mtu aweke sahihi au kidole. Sheria inaitaka ripoti yenu. Karatasi hiyo moja inaweza kumwokolea binti yenu miaka ya kuhangaika kortini akijaribu kuthibitisha kwamba aliwahi hata kuolewa.

Na wewe unayesoma hii kwa simu, pengine ukiwa umekaa stendi ya Bomet ukingoja gari lijae, jiulize maswali mawili tu. Kuna ndoa iliyovunjika katika maisha yako, iwe yako, ya mzazi, au ya huyo unayetaka kuishi naye? Kama ipo, nani anayo amri ya talaka, na imeandikwa nambari gani? Kama hujui jibu, anza leo kwa kupiga simu moja: kwa wakili, kwa ex wako, au kwa mzazi. Pata nambari ya kesi. Iandike mahali. Kisha wiki ijayo, siku ya kazi, asubuhi na mapema, beba kitambulisho uende masijala.